Bibi Mwalimu wa Mji wa Kale

Wasomaji wetu, juma hili napenda kuzungumza nanyi juu ya mwalimu ambaye jina lake halimo katika taarifa yo yote ya Idara ya Elimu, wala halikuandikwa juu ya mlango wa shule yo yote. Alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Kwa desturi ya kwetu Mombasa jina la mwanamke wa nyumbani halitangazwi ovyo mbele ya watu, nami sitaivunja desturi hiyo. Nitamwita Bibi Mwalimu, kama mtaa mzima ulivyomwita, tangu wachukuzi wa maji hadi masheikh.

Msomaji wa bara ambaye hajapata kufika kisiwani pengine atataka kujua mahali penyewe. Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, baina ya Bandari ya Kale na ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, nasi wenyeji twapaita Ngomeni. Kutoka hapo yaanza barabara ya Ndia Kuu (kwa Kimvita njia ni ndia), na ukiiacha ukaingia ndani utakuta mitaa ya Kibokoni na vichochoro vyembamba ambavyo watu wawili wenye mizigo hawapishani ila mmoja aegemee ukuta. Nyumba ya Bibi Mwalimu ilikuwa Kibokoni. Ilikuwa na mlango wa nakshi ulioliwa na mchwa kwa chini, na daka lenye vibaraza viwili vya mawe. Saa mbili za asubuhi daka hilo lilijaa viatu vidogo vidogo, na kutoka ukumbini ilisikika sauti ya watoto wakisoma kwa pamoja, kila mmoja mahali pake katika juzuu yake, hata mpita njia akadhani ni soko la samaki.

Chuo hicho alikirithi kwa mama yake. Mwanzoni alifundisha kwa thawabu tu na kwa kuwapisha watoto wa jirani wakati mama zao wakiwa jikoni. Lakini mwaka wa 1930 mumewe, aliyekuwa nahodha wa jahazi la kuchukua boriti kutoka Lamu, alifariki kwa homa, akamwachia watoto wanne, na mdogo wao alikuwa bado hajatembea vizuri. Alipotoka eda, yaani baada ya ile miezi minne na siku kumi, chuo kikawa ndicho riziki ya nyumba. Ada ililetwa siku ya Alhamisi, na asiyekuwa na senti alileta nazi, au kibaba cha mchele, au hakuleta kitu. Sikupata kusikia kwamba mtoto alirudishwa kwao kwa sababu ya ada. Kilichopungua Bibi alikitafuta kwa kushona kofia. Alikaa juu ya kiti kifupi, kofia mapajani, macho yakiwa juu ya sindano, na mtoto wa mwisho kabisa katika jamvi akikosea irabu moja, alisema bila kuinua uso, “Rudi nyuma.” Mtoto alirudi nyuma. Mimi nilipitia hapo nilipokuwa na miaka mitano, katikati ya miaka ya 1950, na mpaka leo nikisoma gazeti kwa haraka nasikia sauti hiyo.

Mzazi alipomleta mtoto alisema maneno yale ya zamani, kwamba nyama ni ya mwalimu na mifupa ni ya mzazi. Walimu wengi waliyachukua maneno hayo kama yalivyo, na migongo yetu inajua. Bibi naye alikuwa na bakora ya mpera, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha mstari. Alikuwa mkali zaidi juu ya kucha na nywele kuliko juu ya masomo, na mtoto aliyekuja na kikohozi alipewa maji ya tangawizi kabla ya kufungua juzuu.

Jambo moja katika chuo chake lilizusha maneno mtaani. Sheria ya kuwapo kwa utumwa ilifutwa pwani ya Kenya mwaka wa 1907, lakini msomaji anajua kwamba sheria hufutwa kwa siku moja na mazoea huchukua vizazi. Katika jamvi la Bibi walikaa wajukuu wa waliokuwa na watumwa na wajukuu wa waliokuwa watumwa, na mama mmoja alituma mtu kuuliza kwa nini binti yake amekalishwa bega kwa bega na mtoto wa fulani. Bibi alijibu kwamba aliyefika mbele katika kusoma ndiye akaaye karibu na mwalimu, na kama binti huyo ataka kukaa mahali pengine, na asome. Yule mama alimwondoa mtoto wake kwa muda wa mwezi mmoja, kisha akamrudisha kimya kimya.

Sasa nafika katika jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika vyuo vya wanaume, mtoto aliandikiwa ubaoni kwa wino wa masizi na kalamu ya tete, akasoma, kisha ubao ukaoshwa. Kwa Bibi Mwalimu hapakuwa na ubao. Watoto walisomea juzuu za chapa zilizoletwa kutoka Bara Hindi. Mimi nilidhani ni kupenda usafi, maana wino huo huchafua kanzu. Sababu ilikuwa nyingine. Bibi yangu, aliyesoma msahafu mzima tangu utoto, aliyesoma maulidi na tenzi ndefu za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mwaka wa 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa gazeti lake la Sahifa kwa Kiswahili cha herufi hizo hizo, aliyewasomea jirani zake makala yake mpaka karatasi ikachanika, hakujua kuandika hata jina lake.

Hakuwa peke yake. Katika nyumba nyingi za pwani wazee waliona kwamba kusoma kwamfaa binti kwa sala yake na kwa akhera yake, lakini kuandika ni kumpa ufunguo wa mlango wa nyuma: atawaandikia wanaume barua. Basi msichana alifundishwa kuijua herufi anapoiona, akanyimwa kuifanya kwa mkono wake. Nimewahi kusikia watu wa elimu ya siku hizi wakilicheka jambo hili kama ujinga mtupu. Mimi naona lilikuwa werevu wa namna fulani, maana aliyelibuni alifahamu vema ya kuwa msomaji hupokea maneno ya wengine, bali mwandishi hutuma yake.

Serikali ilifungua Mombasa shule ya wavulana wa Kiarabu mwaka wa 1912. Wasichana walingoja mpaka mwaka wa 1938 ndipo wakapata yao. Miaka ishirini na sita katika maisha ya mtu ni kizazi kizima: msichana aliyekuwa na umri wa kwenda shule ndugu zake walipoanza, alikuwa tayari ana binti wa kuozwa wakati shule ya wasichana ilipofunguliwa. Kosa halikuwa la Serikali peke yake, maana wazee wetu wenyewe hawakuwa na haraka. Waliokuwa na haraka walikuwa wachache, na wa mbele yao alikuwa huyo Sheikh Al-Amin, aliyezaliwa mwaka wa 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka wa 1937. Katika magazeti yake, Sahifa na baadaye Al-Islah ya mwaka wa 1932, aliwasukuma watu wake waelimishe watoto wao, na wasichana pia, akiwaeleza kwamba dini haikuwakataza. Alifariki mwaka wa 1947. Maneno yake yalikuwa na nguvu kwa kuwa yalitoka kinywani mwa mwanachuoni. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amepotoshwa na Wazungu.

Bibi aliyasoma maneno hayo. Shule ilipofunguliwa, binti yake wa mwisho, mama yangu mdogo, alikuwa na miaka tisa. Kaka yake Bibi, mtu mwenye duka na sauti kubwa, alikuja nyumbani baada ya sala ya Ijumaa kukataza. Mama mdogo alikuwa amejificha nyuma ya pazia, naye ndiye aliyetusimulia.

“Dada, watu watasema nini? Leo ataandika hesabu, kesho ataandika barua.”

“Kaka, akiandika barua mbaya, mimi mamake nitaisoma. Je, wewe utaisoma?”

Mjomba huyo alikuwa hajui kusoma. Alikunywa kahawa yake akaondoka, na mama mdogo akaenda shule siku ya Jumatatu, amefunikwa buibui na kusindikizwa na mtumishi mzee wa kike mpaka mlangoni.

Yaliyofuata mtaa haukuyajua kwa muda mrefu. Kila usiku baada ya isha, mlango ukisha kufungwa, mtoto alitandika jamvi, akawasha taa ya mafuta, akamfundisha mama yake kuandika. Walitumia kaa la jikoni juu ya kipande cha ubao wa sanduku la chai. Mama mdogo alisema kwamba mkono wa Bibi, uliokuwa mwepesi katika kofia hata ukapita vitundu mia bila kukosa kimoja, ulitetemeka ulipoandika alifu, ambayo ni mstari mmoja tu. Alianza kwa herufi za Kiarabu alizozijua kwa macho. Baadaye, mtoto alipoendelea, akajaribu na zile za Kizungu, akizilaumu kwamba zaandikwa kinyume. Mwalimu mdogo alikuwa mkali kupita mwalimu mkubwa. Bibi akikosea, sauti ndogo ilisema, “Rudi nyuma.”

Yapata mwaka mmoja baadaye alinunua daftari. Msomaji atauliza: mwanamke aliyengoja miaka arobaini kupata kalamu, ataandika nini? Hakuandika shairi wala barua. Aliandika majina. Kwa kukumbuka tu alianza na wasichana wote waliopita katika jamvi lake, binti fulani wa mtaa fulani, na mbele ya kila jina akaandika mahali alipofikia: juzuu ya Amma, nusu ya msahafu, amehitimu. Kisha akaendelea na waliokuwa wakiingia. Daftari mbili zilijaa kabla chuo hakijafungwa, naye alikifunga mwishoni mwa miaka ya 1960, macho yalipokwisha.

Nimezisoma daftari hizo ukurasa kwa ukurasa. Sasa ziko kwa binamu yangu. Kuna neno moja ambalo msomaji wake hawezi kuliruka. Mbele ya majina mengi, mahali pa kuandika “amehitimu”, pameandikwa “ameolewa”. Binti fulani, juzuu ya tano, ameolewa. Binti fulani, juzuu ya tatu, ameolewa. Katika kurasa za kwanza neno hilo linafuatana chini kwa chini kama shanga. Hakuongeza lawama wala maoni. Lakini wazee wa mtaa walinihadithia kwamba tangu alipoanza daftari hiyo, Bibi Mwalimu alizuka na tabia mpya: akisikia kwamba mwanafunzi wake amechumbiwa, alijitanda buibui, akaenda kwa baba yake usiku, akaomba jambo moja tu, kwamba arusi ingoje mpaka mtoto ahitimu. Hakusema juu ya umri wala juu ya haki. Alisema juu ya msahafu, maana hakuna baba katika Mji wa Kale ambaye angeweza kusimama hadharani akasema kwamba yeye hataki binti yake amalize msahafu. Wengine walingoja miezi sita, wengine miaka miwili. Na katika miaka miwili binti hukua. Katika kurasa za mwisho lile neno limepungua, na mahali pengine limeandikwa neno lingine, “yuko skuli”.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Kiarabu hakukijua kama lugha. Alitusomesha maneno ambayo yeye na sisi hatukufahamu maana yake, na wanaokilaumu chuo cha zamani kwa kasuku wake wana haki yao. Tulimchotea maji, tulimwendea sokoni, na wasichana walimtwangia mpunga. Mimi naona vile vile kwamba mtoto aliyetoka hapo alikuwa na kitu ambacho walimu wa shule walikikuta tayari wala hawakukilipia: alijua kukaa, alijua kusikiliza, na alijua kwamba mistari katika karatasi ina sauti. Taarifa za elimu za wakati ule zilihesabu watoto walio shuleni, na wasio shuleni wakaandikwa kana kwamba hawajui lo lote. Kwa hesabu hiyo bibi yangu alikuwa mmoja wa wasiojua.

Alifariki mwaka wa 1974. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 walipita Mombasa wataalamu wawili wanawake, Sarah Mirza na Margaret Strobel, wakiketi na wazee wa kike na kusikiliza habari za maisha yao. Strobel alitoa kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa mwaka wa 1979. Kisha kwa pamoja, mwaka wa 1989, walitoa kingine chenye maisha ya wanawake watatu, kama walivyoyasimulia wenyewe kwa Kiswahili: Bi Kaje wa Mwenye Matano, ambaye jamaa zake walikuwa na watumwa, Bi Mishi wa Abdala, ambaye wazee wake walikuwa watumwa, naye akawa somo wa kuwafunda wasichana, na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy, mtu wa ukoo wenye jina. Kwa mara ya kwanza watu wa mbali walipata kusoma jinsi kisiwa kinavyoonekana kutoka upande wa ndani wa pazia, na jinsi mjukuu wa mwenye watumwa na mjukuu wa mtumwa wanavyokumbuka siku zile zile kwa namna mbili. Nilipokisoma nililiona jamvi la Kibokoni. Nilifikiri pia jinsi ilivyo bahati tu, nani aulizwe na nani asiulizwe. Watatu waliulizwa. Kila mtaa ulikuwa na wake.

Wala kazi yenyewe haikufa. Mwaka wa 1986, hapa hapa Mombasa, mwalimu mwingine wa kike, Bi Swafiya Muhashamy-Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, alianza kuwaingiza watoto wadogo katika madarasa ya awali yaliyokuwa ndani ya madrasa zenyewe, badala ya kujenga shule kando na kuziacha madrasa zizeeke. Wanawake vijana wa mitaa ndio waliofundishwa ualimu. Vifaa vilikuwa makaka ya pwani, vifuu, vizibo na vijiti, na nyimbo na hadithi zilikuwa zile za mabibi. Mpango huo ulivuka ukafika Zanzibar mwaka wa 1990 na Uganda mwaka wa 1993, na maelfu ya watoto wamepita humo. Wataalamu wa nchi za nje walikuja kuutazama na kuusifu kwamba ni jambo jipya. Jipya lilikuwa kwao. Mtu wa Kibokoni angeona kwamba hatimaye mtu mmoja aliyesoma amelitambua jamvi, akaliongezea ubao na kalamu.

Nimeandika haya kwa haja. Watoto wa watoto wa wanafunzi wale sasa ni makarani, madaktari na mawakili, na wengi wao wanahama Mji wa Kale kwenda Nyali na ng'ambo. Nyumba zinauzwa, masanduku yanafunguliwa, na karatasi za herufi za Kiarabu ambazo wajukuu hawawezi kuzisoma hutupwa, au huchomwa kwa heshima kwa kudhaniwa kwamba zote ni aya. Si zote ni aya. Nyingine ni hesabu ya nazi, nyingine ni dawa ya kikohozi, na nyingine huenda ikawa orodha ya majina. Kabla ya kuchoma, mwite mzee mmoja ajuaye kusoma aketi nawe nusu saa. Ikiwa ni daftari ya mwalimu wa kike, wa Mombasa, Lamu, Vanga, Tanga au po pote pale, itolewe nakala, na nakala moja ipelekwe kwa watu wa makumbusho hapo Ngomeni. Nami nikiletewa majina ya walimu hao na mitaa yao, kwa idhini ya jamaa zao, nitayachapa hapa, machache kila juma, mpaka nafasi ya ukurasa iishe.